Nani alimjengea sungura kizimba?

Mzee wa chumba cha jirani ana swali moja ambalo huniuliza kila tunapokutana kwenye ngazi. Namwamkia, anaitikia marahaba yake taratibu, halafu anautazama mlango wangu. "Kijana, yule mgeni wako unamchinja lini?" Namjibu kuwa simchinji, mzee wangu. "Sasa unamfugia nini?" Hapo ndipo huwa nakwama, nacheka kidogo na kupanda zangu.

Leo nataka kumjibu, japo najua hatasoma. Jibu lenyewe ni refu na linaanza na aibu.

Sungura wangu wa kwanza alikuwa dume jeupe, nikamwita Sultani. Nilimnunua kwa kijana aliyekuwa akiwatembeza kwenye tenga kando ya barabara, na siku hiyohiyo nikaenda kwa fundi seremala pale Sinza kuagiza nyumba. Fundi hakuniuliza kitu. Alijua nyumba ya sungura inavyokuwa, kama mimi nilivyojua, kama wewe unavyojua: sanduku la mbao, wavu wa waya mbele na chini, mlango mdogo wenye komeo. Kazi ilikuwa safi, misumari yote imezama. Nikakiweka kizimba kwenye kibaraza changu cha ghorofani, kinachotazama magharibi, nikajiona mfugaji.

Ilikuwa Februari. Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi Februari ni nini. Jumamosi moja nilipangiwa kwenda kwenye mkutano wa waandishi wa habari, mkutano ukachelewa kuanza (ajabu gani?), nikarudi saa kumi na moja jioni. Sultani alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, masikio ya moto. Nikamwagia maji ya baridi ndoo nzima, kitu ambacho baadaye nilijifunza kwamba chenyewe kinaweza kumuua kwa mshtuko. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa amekufa.

Sungura hatoki jasho la kumpoza kama sisi. Joto la mwili wake hutokea zaidi kwenye masikio, na hewa ikishafika nyuzi 30 masikio hayo yanazidiwa. Porini angeshuka shimoni kwenye udongo wa baridi akasubiri jua lizame. Kwenye kizimba hakuna pa kushuka. Mimi nilikuwa nimejenga oveni yenye komeo.

Sasa, kazi yangu ni kuuliza maswali, na swali lililonikaa kichwani halikuwa la daktari wa mifugo. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba nyumba ya sungura ni sanduku. Mbona mimi na fundi, watu wawili ambao hatujawahi kufuga sungura, tulikuwa na picha ileile kichwani?

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao umeletwa na lugha yetu. Sungura wa hadithi tulizokua nazo, yule anayewachezea shere Fisi na Simba, ni sungura wa porini, wengine humwita kitungule. Huyo hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi, kwenye kibonde kidogo katika nyasi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, tayari kwa mbio. Sungura wa tenga la barabarani ni mnyama mwingine kabisa. Yeye ni mchimbaji. Watoto wake huzaliwa vipofu, uchi kama vidole, ndani kabisa ya shimo. Wa kwanza akiogopa hukimbia. Wa pili akiogopa hushuka chini. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunadhani tunamjua.

Huyu mchimbaji kwao ni kona moja tu ya dunia: Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kuna maelezo ya zamani kwamba mabaharia wa Foinike walipofika huko waliwaona sungura wengi wakadhani ni pimbi (wale ambao Biblia ya Kiswahili huwaita wibari), kwa kuwa pimbi ndio waliowazoea kwao, wakaiita nchi ile nchi ya pimbi, na jina hilo ndilo likageuka kuwa Hispania. Wataalamu wa lugha wanabishana mpaka leo kuhusu hilo. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kutoka kona ile sungura alibebwa na mikono ya watu: Uingereza, Australia, Afrika, hadi Sinza. Kwa hiyo mzee wa chumba cha jirani hakukosea, yule ni mgeni kweli.

Waliomjengea ukuta kwanza ni Waroma. Mwaka 37 kabla ya Kristo, mwanazuoni Varro, akiwa mzee anayekaribia miaka 80, aliandika kitabu cha kilimo na ufugaji ambamo anaeleza uwanja wa kufugia sungura. Wengi anaowazungumzia ni wale wa mbio, lakini anawataja pia wale wa Hispania wanaochimba. Ukuta upigwe lipu, anasema, paka na wanyama wengine wasipenye, uwe mrefu mbwa mwitu asiruke. Ndani kuwe na vichaka na nyasi za kujificha mchana, na miti yenye matawi yaliyotanda ili tai ashindwe kushuka.

Nilisoma hapo mara mbili. Mtu aliyekuwa akifuga sungura kwa ajili ya sahani alijua, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, kwamba mnyama huyu lazima awe na mahali pa kujificha. Mimi mwenye shahada sikumwekea Sultani hata boksi.

Hapa nina deni jingine la kulipa. Wakati mmoja wa Pasaka niliandika kipande kwenye gazeti kuhusu wanyama wa sikukuu, nikaeleza kwa kujiamini kabisa kwamba sungura alifugwa kwa mara ya kwanza na watawa wa Ufaransa mwaka 600, baada ya Papa Gregory Mkuu kutangaza kuwa vitoto vya sungura visivyozaliwa si nyama bali ni kama samaki, hivyo vinaliwa wakati wa Kwaresima. Ni hadithi tamu. Ipo kwenye vitabu vingi. Lakini haikutokea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao waliifuatilia hadi kwenye chimbuko lake, wakakuta hakuna tangazo lolote la Papa. Kilichokuwapo ni maandishi ya Gregory mwingine, askofu Gregory wa Tours, ambaye alimtaja mtu mmoja mwenye madaraka aliyekula vitoto vya sungura siku za Kwaresima. Mwanazuoni wa karne ya 20 akachanganya Gregory na Gregory, wengine wakanakili, na mimi nikanakili kutoka kwa walionakili. Gazeti halikuwahi kuandika masahihisho kwa sababu hakuna msomaji aliyelalamika. Basi nayaandika hapa.

Kwa nini hili lina maana kwenye habari ya vizimba? Kwa sababu ile hadithi inatupa siku moja na mahali pamoja ambapo sungura "alifugwa", kana kwamba kuna mtawa aliyefunga mlango wa banda na mnyama akabadilika. Watafiti wale wanasema siku hiyo haipo. Kulikuwa na karne nyingi za watu kuzungushia ukuta, kuwinda, kula, kuhamisha, kuchagua. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliopima ubongo wa sungura wafugwao na wa mwituni ulikuta sehemu inayoshughulika na hofu ni ndogo zaidi kwa wafugwao. Ndogo zaidi, lakini ipo. Mtu anayeishi na sungura ndani anaweza kukueleza ipo kiasi gani: angusha kifuniko cha sufuria uone.

Huko Uingereza sungura alifikishwa baada ya Wanormani kuiteka nchi, na kufikia karne ya 12 mabwana wa ardhi walikuwa na viwanja vyao maalumu. Alikuwa kitoweo cha wakubwa. Baridi na udongo mzito vilimsumbua huyu mtoto wa Hispania, kwa hiyo watu wakamrundikia matuta marefu ya udongo laini, mengine yakiwa yameshachimbwa mashimo, ahamie tu. Matuta hayo bado yanaonekana katika mashamba ya Uingereza. Mimi huyaona kama nyumba ya mwisho ya maana ambayo mlaji alimjengea sungura: ilibidi ifanane na shimo, vinginevyo mnyama angekufa na mwenyewe angekosa nyama.

Palepale Uingereza ndipo tunapokutana na watu wa kwanza ninaowajua kwa hakika walioingiza sungura ndani kwa mapenzi tu. Mwaka 1387 askofu William wa Wykeham aliwaandikia watawa wa kike wa Romsey akiwakemea: baadhi yao wanaingia kanisani na ndege, sungura na mbwa, na wanawasikiliza hao kuliko zaburi. Sina picha ninayoipenda kuliko hiyo. Masista wamekaa kwenye viti vya kwaya, mmoja ana sungura mapajani, askofu anatoka moshi masikioni.

Lile sanduku lenyewe, ninavyosoma mimi, ni mtoto wa mji. Karne ya 19 viwanda vilipowajaza watu kwenye vinyumba vilivyobanana, familia ya mfanyakazi haikuwa na tuta wala uwanja. Ilikuwa na ua wa hatua chache nyuma ya nyumba. Sanduku la mbao lililoinuliwa miguu, wavu mbele, lilitosha sungura mmoja au wawili, walilishwa maganda ya mboga, na Jumapili mkono uliingia ukatoka na chakula cha mchana. Ukilitazama hivyo, kila kitu kwenye sanduku kina sababu. Ni dogo ili mnyama asikimbie mkono. Lina wavu chini ili mavi yaanguke na usifanye usafi kila siku. Halina pa kujificha ili umwone anavyonenepa. Kwa mnyama atakayeishi miezi michache, wavu wa waya chini ya nyayo si tatizo kubwa. Kwa mnyama atakayeishi miaka minane au kumi, nyayo ambazo hazina ngozi nene kama za paka bali manyoya tu huchubuka, hutoa vidonda, na vidonda huingia mfupani.

Vita viwili vikuu vililieneza zaidi lile sanduku, kwani serikali ya Uingereza iliwahimiza raia wafuge sungura nyuma ya nyumba zao kufidia nyama. Amani ikaja, maduka ya nyama yakajaa, na mwaka 1953 ukaingia ugonjwa wa sungura uitwao miksomatosisi, ambao daktari mmoja wa Ufaransa alikuwa ameuachia kwenye shamba lake mwaka uliotangulia ili kuwaua sungura waharibifu. Waingereza wakaona sungura wa porini wamevimba vichwa, wanatangatanga barabarani vipofu. Hamu ya nyama yake ikawaisha wengi. Ila masanduku yalikuwapo tayari nyuani, na watoto walikuwapo. Kitoweo kikageuka kipenzi, sanduku likabaki lilelile. Kutoka huko likasafiri kwenye vitabu vya watoto, katuni na vipeperushi vya ufugaji hadi kichwani mwa fundi wa Sinza.

Nisije nikaeleweka kwamba kinachohitajika ni banda bora tu. Mwaka 1945 mwandishi wa habari Sigrid Schultz wa gazeti la Chicago Tribune alikuta Ujerumani albamu ya picha iliyokuwa ya Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS. Jina lake lilikuwa "Angora". Ndani kulikuwa na picha za sungura wa manyoya marefu waliofugwa katika kambi za mateso, zikiwamo Dachau, Buchenwald na Auschwitz, ili manyoya yao yatumike kwa mavazi ya wanajeshi. Sungura wamechanwa vizuri, mabanda yao ni nadhifu na yana nafasi. Hatua chache kutoka hapo binadamu walikuwa wanakufa kwa njaa. Albamu hiyo leo iko katika hifadhi ya historia ya jimbo la Wisconsin, Marekani. Nimeziangalia baadhi ya picha hizo, na tangu hapo neno "banda la kisasa" nikilisikia huwa najiuliza la kisasa kwa faida ya nani.

Haya, tuwatazame waliofungua mlango wa ndani. Ninayempenda zaidi ni William Cowper, mshairi wa Uingereza. Mwaka 1773 alipatwa na maradhi makali ya akili, huzuni iliyomwangusha kabisa, na mwaka uliofuata, akiwa anajikongoja kwenye mji mdogo wa Olney, jirani yake alimpa kitoto cha sungura. Kilikuwa cha watoto wa jirani huyo. Walipewa wakichezee, wakajua kukisumbua kuliko kukilisha, kisha wakakichoka. (Hadithi hii ingeweza kutokea Mikocheni wiki iliyopita.) Watu waliposikia mshairi amefurahi, kila mtu akamletea sungura, wakawa wengi hata angeweza kujaza malisho. Akabaki na watatu, wote madume, akawaita Puss, Tiney na Bess.

Hawa walikuwa wa mbio, wale wasiochimba, wagumu zaidi kuishi na binadamu. Na Cowper alifanya jambo ambalo mimi sikufanya: alikaa akawafikiria. Aliwatengenezea vyumba vya mbao kwa mikono yake, kila mmoja na chake. Kinyesi kilipita chini kikaangukia kwenye chungu cha udongo, na chungu kilimwagwa na kuoshwa. Mchana walizunguka kwenye ukumbi, usiku kila mmoja akaenda kwenye kitanda chake, na jioni waliruhusiwa sebuleni kurukaruka juu ya zulia. Puss aliugua, Cowper akamuuguza siku kadhaa, na alipopona alimlamba mkono kila upande, kila kidole. Tiney hakuzoea mtu mpaka kufa, ukimshika alipiga mateke, na Cowper akamwacha awe Tiney. Yote haya aliyaeleza mwaka 1784 katika jarida la Gentleman's Magazine, na ukiyasoma unamwona mtu anayeokolewa na kazi ya kuosha vyungu vya mavi.

Lakini Bess alikufa mapema, akiwa ndiyo kwanza amekua. Cowper hakuficha sababu. Chumba chake kilioshwa, na akarudishwa ndani kabla hakijakauka. Unyevu tu. Mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua katika historia hii, na sanduku lilimponyoka. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kusimama kibarazani, pale kizimba kilipokuwa.

Beatrix Potter wa London ndiye mwingine. Kabla ya kitabu chake cha Peter Rabbit kuuzwa madukani mwaka 1902, alikuwa na sungura wawili wa kweli, Benjamin Bouncer kisha Peter Piper, walioishi naye ndani ya nyumba ya wazazi wake. Benjamin alitembezwa kwa mkanda wa ngozi kama mbwa, alipenda mkate wa kubanikwa wenye siagi, na kengele ya chai ikilia alikimbilia sebuleni. Mwaka 1890 Beatrix aliuza picha zake za kadi kwa pauni 6, akamshukuru kwa kumpa kikombe kizima cha mbegu za bangi. Asubuhi yake Benjamin alikuwa amelewa, hakai kuchorwa. Nampenda Beatrix, ila tafadhali msimwige kwa chakula. Tumbo la sungura ni mashine ya nyasi. Asubuhi hadi jioni bila kula kitu, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari.

Hatua ya kuifanya hii kuwa elimu ya watu wengi ilipigwa California. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungura aliyepewa jina Herman aliingia kwenye ua wa mama mmoja aitwaye Marinell Harriman. Akaingizwa ndani, na ikaonekana anatumia choo cha sandukuni kama paka. Mwaka 1985 Harriman akatoa mwongozo wa kuishi na sungura wa mjini, na mwaka 1988 yeye na wenzake wakaanzisha House Rabbit Society. Walichokigundua kilikuwa cha zamani kuliko Varro. Sungura wa porini wana mahali maalumu pa kujisaidia, ndivyo wanavyoweka mipaka ya eneo lao. Kwa hiyo humfundishi choo. Unatazama kona aliyoichagua yeye, unaweka beseni pale, na nyasi kavu pembeni yake kwa sababu anapenda kula akiwa kazini.

Nilipompata Zuhura, sungura wangu wa sasa, nilijaribu kufikiri hivyohivyo kwa kila kitu. Waya wa feni, kwa mfano. Meno ya mbele ya sungura hukua maisha yake yote, zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na mchimbaji akikutana na mzizi umekatiza njia yake huukata. Ukutani kwangu kuna mizizi mingi: feni, chaja, redio. Siwezi kumkemea mnyama kwa kusafisha barabara yake. Nilinunua mabomba ya plastiki ya mafundi umeme nikapitisha nyaya zote humo, na zilizobaki nikazipandisha juu ya kabati. Sakafu yangu ni vigae, nyayo za manyoya zinateleza, nyonga zinaumia, basi kuna mkeka na kipande cha zulia kutoka mlangoni hadi dirishani. Boksi lake lina milango miwili kwa kuwa shimo lenye mlango mmoja ni mtego. Mlango wa kibarazani haufunguliwi bila mtu. Dawa ya kupulizia mbu na mende nimeiacha, natumia chandarua. Parachichi haliingii kabisa, ganda wala jani, ni sumu kwake. Wageni wanaotaka kumbeba nawaomba wakae chini kwenye mkeka wamsubiri aje mwenyewe. Hii si maringo: mgongo wake ni mwepesi na miguu ya nyuma ina nguvu, akipiga teke hewani mikononi mwa mtu anaweza kujivunja uti.

Na joto, ambalo ndilo lililoniua mimi na Sultani. Zuhura anakaa chumba cha upande ambao jua halipigi jioni. Nilinunua mtungi mkubwa wa udongo wenye mdomo uliovunjika, nikausugua kingo, nikaulaza ubavu kwenye kona yenye giza. Kuna rafiki aliyenishauri niuloweshe ili upoe zaidi. Nilimkumbuka Bess nikakataa. Mtungi unabaki mkavu, na mchana wa jua kali naweka pembeni yake chupa mbili za maji yaliyoganda, zimefungwa kanga kuukuu. Analala ameziegemea, masikio yamegusa kanga.

Wiki iliyopita nikiwa kwenye chumba cha habari, saa nane mchana, simu ikaita. Alikuwa mzee wa chumba cha jirani, ambaye huwa hanipigii. "Umeme umekatika tangu saa tano," akasema. "Huyu mgeni wako huku ndani anapiga miguu chini. Barafu zake umeweka wapi?" Nikamwelekeza ufunguo ulipo na friji ilipo. Akabaki kwenye simu, nikawa namsikia anasogeza vitu na kumwambia mtu, "Haya, jongea basi, jongea." Jioni nilipanda na papai kumshukuru. Akalipokea, akaniambia nisifikirie vibaya, anataka tu anenepe vizuri.